Damu ya Saa Nne Usiku

Minyoo hii haisomi matangazo.
Mchana kutwa imejikunja mapafuni,
ikigonga saa nne usiku inashuka mishipani
kumngoja mbu aje aibebe.

Amri inaanza saa moja jioni.
Ngamiani yote ndani,
kuanzia Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini na Moja,
redio zimeshushwa sauti, sufuria zinaoshwa kwa kunong'ona.
Anayetembea ni mbu wa chooni,
na gari la askari,
na mimi, Mwanamkuu Sekiete, mpima damu,
na kibali chenye mihuri mitatu
ambacho kila kizuizi kinakisoma upya
kama barua ya posa.

Vipo vipimo vya mchana, vya dakika kumi.
Vimo kontenani, bandarini.
Karani anasema mfumo haufunguki, mtandao umezimwa,
njoo wiki ijayo.
Wiki ijayo ameisema mara nne.

Basi nabisha hodi usiku.
Hodi ya usiku siku hizi
inamwamsha mtu akiwa ameshavaa viatu.

Barabara ya Tisa, Bi Mwanashehe
alinipa kidole, kisha akakikunja.
"Unafuata damu au unafuata watu?"
Nikamwonyesha daftari.
"Hilo hilo," akasema. "La juzi nalo lilikuwa daftari.
Waliandika majina, nyumba, na nani kalala wapi.
Mwanangu Shekue hajarudi."

Nikalifunga.
Tangu usiku ule naandika namba tu.
Kumi na saba: mlango wa kijani, mbuzi wa pembe moja.
Ishirini na mbili: fundi cherehani, mguu wa kushoto
umevimba hadi kiatu amekikata kisigino.
Thelathini: yule anayekataa kwamba ana busha
na anakaa upande, upande, kama mgeni.
Jina lipo kichwani mwangu. Wakitaka orodha
itabidi wanichukue nayo.

Bosi aliniuliza: ramani iko wapi?
Nikasema, bado inakauka.

Usiku wa Alhamisi, kizuizi cha Mabawa,
kijana mrefu akamulika sanduku langu.
"Vioo vya nini?"
Vya matende, nikasema. Vya mabusha.
Akazima tochi.
"Baba yangu kule Moa hakai kwenye kiti," akasema.
"Miaka tisa hajaenda msikitini, anaona haya kusujudu."
Akaegemeza bunduki ukutani,
akavua glavu. "Pima na mimi."
Jina?
"Siruhusiwi."
Kidole cha pete, mkono wa kushoto.
Alifumba macho kwa ajili ya sindano,
yule yule mwenye risasi kifuani.

Sitini na moja.

Asubuhi umeme hakuna.
Nikageuza kioo cha hadubini kitazame dirisha,
nikaosha tone kwa maji, nikalipa rangi, nikangoja.
Kwenye duara la mwanga:
mmoja, amelala ndani ya ala yake.
Wa pili, kajipinda kama herufi ya dali.
Wa tatu karibu na ukingo,
kama anayechungulia kutoka nje ya mji.

Nikaenda Mabawa kabla chai haijapoa.
Kizuizi hakuna.
Mchanga umemwagika kutoka kwenye viroba,
ganda la biskuti, alama za matairi zinazogeuka.
Muuza maji hakuona.
Mwenye duka hakuona.
Mtaa mzima siku hizi hauoni.

Nilimpima urefu kwa macho:
vinne, na kile kimoja cha kutafuna.
Nimevifunga kwenye karatasi,
nimeandika 61,
naviweka mfuko wa koti, upande wa moyo, si kwa mapenzi,
ni kwamba ule wa pili umetoboka.

Wamempeleka wapi? Na huko, mbu wapo?
Mbu wapo.
Anawalisha kila saa nne, amesimama na silaha,
anawalindia mji usiku.

Mimi kila kizuizi kipya nasimama kabla sijaamriwa.
Natoa kibali.
Wao wananitazama usoni.
Mimi natazama vidole kwanza.